Mama Konokono na Damu Safi

Mtaa mzima ulimwita Mama Konokono, na tusidanganyane, mwanzoni jina hilo lilikuwa la kumcheka. Hakujaliwa mtoto wa kumpa jina la mama fulani, na kazi yake ilikuwa kufuga konokono wa mtoni, wale wadogo ambao hata wawili wangeenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Watu wanafuga kuku, wanafuga mbuzi, na hata mfuga nyuki anaeleweka. Sasa mwanamke mzima anatoka kwake asubuhi, kavaa vizuri, mkoba kwapani, eti anakwenda kulisha konokono! Hilo majirani walishindwa kulimeza. Zamani alikuwa na mume, seremala mwenye pua nyepesi, ambaye siku moja alimwambia achague mmoja, yeye au hao wadudu wake. Hakuhitaji hata kukaa chini kufikiri.

"Maseremala wapo wengi," alikuwa akisema baadaye, huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Lakini wale nani angewabadilishia maji?"

Konokono wenyewe waliishi katika chumba cha nyuma cha maabara ya kupima magonjwa, chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu za chuma ukutani. Juu ya rafu kulikuwa na trei na matangi ya kioo. Maji ya bomba hayakumwagwa humo moja kwa moja, yalilazwa kwanza kwenye pipa ili dawa ya kuulia vijidudu itoke. Chakula kilikuwa majani ya saladi yaliyochovywa kwenye maji moto mpaka yakalegea. Juu ya maji zilielea karatasi za nailoni, na konokono wakataga mayai chini yake, vibonge vya ute vinavyong'aa. Mama Konokono alivikusanya kwa ukucha na kuvihamishia kwenye trei ya watoto. Alivaa mabuti ya mpira kwa sababu sakafu haikukauka hata siku moja. Glavu alipewa, tena ndefu za kufika kwenye viwiko, ila alizivua kila bosi alipogeuza mgongo, maana alidai kuwa huwezi kumshika mtoto mchanga kwa kiatu.

Sasa konokono hao ni wa nini? Kichocho ni ugonjwa wa minyoo, na aliyekulia karibu na mto anaujua. Mnyoo wake ana tabia ya mtu mwenye nyumba mbili. Sehemu ya maisha yake anakaa ndani ya konokono, halafu anatoka, anaogelea kumtafuta mtu, anapenya ngozi na kuhamia kwenye mishipa ya damu. Na kwa kuwa wameishi pamoja tangu zama na zama, mnyoo na konokono wamefanana kwa vitu fulani vya mwilini, vidogo mno, ambavyo wataalamu wanaviita antijeni. Mwili wa mtu ukiingiwa na mnyoo unatengeneza askari wa kumkamata. Askari hao ukiwaonyesha nyama ya konokono, wanaikamata nayo, wanadhani ni yule yule.

Maabara ile iliishi kwa kosa hilo la askari. Kufuga minyoo ni kazi ya gharama na ya hatari. Kwa hiyo walichukua konokono wasio na ugonjwa wowote, wakawasaga, wakachuja, na ule mchuzi wakaupaka ndani ya vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Kisha wakadondosha maji meupe ya damu ya mtu, wakamalizia na dawa ya rangi. Kishimo kikigeuka njano, askari wapo. Kikibaki kama maji, hawapo. Njia ya zamani, ya kutafuta mayai ya mnyoo kwenye choo kwa darubini, ilikuwepo bado, ila mayai yana mchezo wa kujificha. Leo unayaona, kesho huyaoni, na mgonjwa anarudi kwake akijiona mzima.

Ndiyo maana konokono wa Mama Konokono walitakiwa wawe safi kuliko sahani za bwana harusi. Wote walikuwa ukoo mmoja. Alipoajiriwa alikabidhiwa konokono wachache ndani ya chupa ya jamu, na kuanzia hao alizalisha vitukuu na vilembwe, wala hakuingia mgeni kutoka mtoni. Ukoo huo ulikuwa mali yake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Mishahara iliwahi kuchelewa, wakubwa walibadilishwa, paa lilivuja, naye aliendelea kuja, hata sikukuu, kwa sababu konokono hawajui sikukuu.

Mambo yalianza kuharibika siku umeme ulipokatika na friza kuyeyuka.

Ndani ya friza ile palikuwa na kitu walichokiita damu safi, nacho kikaharibika. Kila sahani ya kupimia ilikuwa na vishimo viwili vya kujihakikishia, kimoja kikipewa damu ya mtu anayejulikana kuwa mgonjwa, kingine damu ya mtu anayejulikana kuwa mzima. Hiyo ya pili ndiyo damu safi. Ikigeuka njano, sahani nzima inatupwa, maana mchuzi umeanza kumkamata kila apitaye njia, mwenye hatia na asiye na hatia. Damu ya mgonjwa haikuwa shida kuipata. Ya mtu mzima, katika mji uliokalia ukingo wa mto, ilikuwa kutafuta sindano kwenye mchanga. Mfagiaji alikuwa ameogelea utotoni. Karani alikuwa na shamba la mpunga. Wapimaji wenyewe walikwishaumwa, wakatibiwa, na damu zao zilikuwa bado zinakumbuka.

"Chukueni yangu," Mama Konokono alisema, akakunja mkono wa gauni. Mto hakuwa ameukanyaga tangu usichana wake, na alikuwa amepimwa kwa kila njia ikaonekana hana mnyoo hata mmoja.

Walichukua. Kishimo kikawa cha njano hafifu. Daktari, mama mwembamba aliyeongoza maabara na ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa msimu, alicheka siku ile.

"Mama, miaka yote hiyo magamba yao yanakukwaruza vidole. Mwili wako umeshawazoea. Wewe huna kichocho, una konokono!"

Maabara nzima ilivunjika mbavu, na mwenyewe alicheka kuliko wote.

"Nitafutie mtu," Daktari akaendelea, "asiyejua mto wala konokono. Mtu wa nchi kavu kabisa."

"Yupo. Mdogo wangu, Kitinda."

"Una hakika?"

"Daktari, huyo nimemlea mwenyewe. Naapa kwa niaba yake."

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Baba yao alikuwa mchimba mchanga wa mtoni. Alishinda amezama mpaka kiunoni, beleshi mkononi, akijaza karai baada ya karai kwa ajili ya malori ya wajenzi. Alipofika umri ambao wenzake walikuwa bado wananyanyua mizigo, tumbo lake lilijaa maji na miguu ikawa myembamba kama ya mtoto. Watu walisema ni pombe. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Asubuhi moja alitapika damu kwenye beseni la kuogea na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Mama alikwishatangulia, kwa hiyo dada mkubwa, ambaye wakati huo hakuwa na jina la utani, alijikuta na mdogo wake mkononi, mtoto wa mwisho kuzaliwa, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa sababu hiyo. Siku ya mazishi alimshika mabega, akamtazama machoni.

"Niapie kwamba mguu wako hautaingia kwenye mto ule."

Kitinda, kamasi puani, aliapa.

Na dada alipokuja kusikia kuna maabara inayopambana na ugonjwa uliomla baba yake, hakuuliza mshahara. Aliuliza anaanza lini.

Kitinda alikua, akawa mwanamume mpole, mwenye maneno machache na kicheko cha chini chini. Aliishi katika chumba cha uani kwa dada yake na alifanya kazi kwenye ghala la saruji, upande wa pili wa mji. Dada alijivunia kazi ile kama vile ghala ni lao. Alijivunia hasa usafi wake. Wabeba mifuko wengine walirudi na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, wakikohoa. Kitinda alirudi jioni na ovaroli safi, nywele zimechanwa, amenawa mpaka masikio.

"Mdogo wangu nadhifu," aliwaambia majirani. "Anaoga huko huko kazini. Nyie waume zenu wanawaletea jengo zima kitandani."

Jioni ile alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Kitinda, nina shida na wewe."

"Shida gani, dada?"

"Damu yako."

Kitinda alikohoa, akaweka kijiko chini. "Damu yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, ndiyo maana tunaitaka. Ni ya kupimia tu. Wanataka mtu mzima asiyejua mto."

"Mimi sindano naogopa."

"Mwanamume na ndevu zako!"

"Na kazini je? Nyapara wetu hataki mtu achelewe."

"Nitakwenda kuongea naye mimi mwenyewe."

"Hapana," Kitinda alisema haraka. "Hapana, dada, usihangaike. Nitakuja." Kisha akasukuma sahani kando. "Na wakishaipima, wanaona kila kitu?"

"Wanaona kama una kichocho au huna. Unadhani wataona na madeni ya dukani?"

Alicheka kile kicheko chake cha chini, na kweli alikuja. Alitolewa damu bila kupepesa macho, mtu aliyesema anaogopa sindano. Alileta na kikopo cha choo. Mpimaji alichungulia darubini, akasogeza kioo huku na huku, hakuona yai hata moja. Ukijumlisha na kiapo cha dada mtu, basi. Vichupa akaviandika dada huyo huyo, vikapangwa kwenye friza iliyokwishaganda tena. Mama Konokono alimsindikiza ndugu yake mpaka getini, kifua mbele, kama mama aliyempeleka mwana kula kiapo cha uaskari.

Wiki ile ile mchuzi mpya ulisagwa. Sahani zikapangwa, damu za wagonjwa kutoka zahanati za kando ya mto zikadondoshwa. Na kishimo cha damu safi kikageuka njano. Si njano ya kuhisi-hisi kama ile ya Mama Konokono. Njano ya kiini cha yai.

Wakarudia. Njano. Wakasaga konokono wengine, wakaosha vyombo upya, wakabadilisha mpimaji. Njano.

Daktari alikuja chumba cha nyuma, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasimama kati ya rafu huku mikono imo mifukoni.

"Mama, maji yalipokatika mwezi uliopita, ulijaza nini humu?"

"Maji ya lori. Lakini niliyalaza, Daktari. Niliyachemsha na kuyalaza."

"Na wamekufa kiasi gani tangu hapo?"

Walikuwa wamekufa, si wengi, ila zaidi ya kawaida. "Wachache," alisema.

Daktari alieleza taratibu, bila ukali, na hilo lilimtisha zaidi. Maji yale huenda yalileta vijidudu, vijidudu vimeingia kwenye konokono, na mwili wa binadamu yeyote una askari dhidi ya vijidudu vya namna hiyo. Mchuzi wa konokono hao sasa unamkamata kila mtu. Wagonjwa wanasubiri majibu, na majibu ya uongo ni mabaya kuliko kukosa majibu. Kama ukoo umechafuka, hakuna kuuosha. Watamwagiwa maji ya moto wote, matangi yatasuguliwa, na mbegu mpya itaombwa kwenye maabara nyingine.

"Wote?"

"Wote, mama. Pole sana."

Kwa siku kadhaa mwanamke yule hakuwa mtu wa kutazamwa. Alibadilisha maji asubuhi na mchana. Aliwatoa konokono mmoja mmoja, akawaweka kwenye vikombe vya kioo chini ya taa na kuwachungulia kwa lenzi, akitafuta kosa asilolijua. Nyumbani alishika tama. Mboga iliungua jikoni, naye amekaa hapo hapo, anatazama moshi.

"Wanataka kuwaua, Kitinda," alimwambia ndugu yake. "Wote. Wanasema nimewachafua."

Kitinda alisimama mlangoni na taulo begani. Alikuwa amekonda siku hizo, na dada, kwa mawazo yake, alikuwa ameliona hilo na kulipita.

"Wamejuaje kwamba wamechafuka?"

"Damu yako inageuka njano. Damu yako wewe, ambayo haina kitu! Kama inakamata hata wewe, basi ni kweli, nimeharibu."

Kitinda alishusha taulo begani. Akasema anakwenda kulala, kichwa kinamgonga.

Ilikuwa siku moja kabla ya kumwaga maji ya moto ndipo Mama Konokono alipopiga moyo konde, akagonga mlango wa Daktari. Hakuwa na hoja ya kitaalamu. Alikuwa na hofu tu, na mtu mwenye hofu huanza kutafuta wa kumsukumia.

"Daktari, labda kosa ni damu."

Daktari alivua miwani. "Damu gani?"

"Hiyo safi. Labda imeharibika kwenye friza. Labda mlichanganya vichupa. Mimi sijui, lakini jaribuni nyingine kabla hamjawaua. Moja tu."

"Nimeliwaza hilo tangu mwanzo," Daktari alisema. "Ila wewe ndiye uliyeapa, na mimi nilikuamini. Tutampata nani?"

Bahati ilikuwa getini. Mlinzi mpya alikuwa ametoka nchi kavu ya mbali, ambako maji yanachotwa kisimani kwa kamba ndefu, na mto kwake ulikuwa kitu cha kwenye picha. Alikuwa hajamaliza hata mwezi, na muda wote alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiulinda ukuta. Alipoambiwa anatakiwa atoe damu ili kuokoa konokono, aliuliza mara mbili kama wanamtania, kisha akanyoosha mkono.

Mama Konokono hakutoka chumbani kwake siku ile. Aligeuza trei upande huu na ule, akiongea na Mungu kwa sauti, kama jirani anayemdai. Kosa liwe la damu, alisema. Lisiwe la hawa. Liwe la damu, nitafanya lolote. Alirudia maneno hayo huku akikata majani ya saladi, mpaka kisu kikaenda chenyewe.

Alasiri Daktari alikuja na sahani mkononi, ameifunika kwa karatasi. Aliifunua juu ya meza ya kukatia majani. Mchuzi ni ule ule, alisema, wa konokono wale wale. Kishimo cha mlinzi kilikuwa kama maji. Unaweza kusoma gazeti kupitia humo.

"Konokono wako hawana kosa, mama. Hakuna wa kumwaga."

Mama Konokono alipiga kigelegele ambacho hakijawahi kusikika ndani ya maabara yoyote. Alimkumbatia Daktari na maji yote yaliyokuwa kwenye aproni yake. Alicheza, kwa mabuti yale ya mpira, akateleza, akashika rafu. Kisha akachukua majani kwa viganja viwili akaanza kuwarushia konokono, huyu lake, huyu lake, akiwaita kwa majina ya kipuuzi. "Kuleni, wanangu. Kuleni, walitaka kuwasingizia."

Daktari hakuondoka. Alibaki pale pale, karatasi mkononi.

Na majani yakiwa bado viganjani, nusu ya pili ya habari ikamfikia mwanamke yule. Ikamfikia polepole, kutoka miguuni. Kama kosa si la konokono, ni la damu. Na damu ile haikuwa imeharibika, wala vichupa havikuchanganywa, aliviandika mwenyewe kwa mkono wake.

"Daktari," alisema.

"Ndiyo, mama. Nilitaka ufurahi kwanza." Daktari alimvutia kiti, naye hakukaa. "Ana askari wengi sana. Hiyo si ya utotoni, hiyo ni ya mtu anayeingia majini sasa hivi. Dawa ipo, ni vidonge vya kumeza. Ila ini lake lazima litazamwe haraka. Kikubwa asirudi tena kwenye maji."

"Mdogo wangu haingii majini."

Daktari aliifunika tena sahani kwa karatasi.

Mama Konokono alitoka na mabuti yake, aproni ikidondosha maji njia nzima. Watu walimpisha. Kwenye ghala la saruji nyapara alikuwa mlangoni na kalamu sikioni, amekuwa mweupe kwa vumbi kuanzia utosini, na alipoulizwa habari za Kitinda alikunja uso akijaribu kukumbuka.

"Yule mpole? Tulipunguza watu mwaka jana, mama. Alikuwa miongoni mwao." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Nimewahi kumwona kwa wachimba mchanga. Alinisalimia."

Mwaka mzima. Mwaka mzima wa ovaroli safi, nywele zilizochanwa, masikio yaliyonawa. Mama Konokono alitembea kuelekea mtoni, na kila hatua ilimrudishia maneno yake mwenyewe, mdogo wangu nadhifu, anaoga huko huko kazini. Aliona aibu, kisha hasira, kisha hofu ikaja ikavimeza vyote viwili.

Mto ulikuwa kama alivyouacha. Malori mawili yalisimama ukingoni, na lundo la mchanga mbichi lilichuruzika maji. Wanaume walikuwa wamezama mpaka kiunoni, mabeleshi yakipanda na kushuka. Ovaroli ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya jiwe, chupa ya chai juu yake. Mwenyewe alikuwa mbele kidogo, kifua wazi, karai kichwani, na kutoka ukingoni, kwa mgongo ule uliopinda na shingo ile nyembamba, ungeapa ni baba yao.

Hakuita. Aliingia tu majini na mabuti yake, hatua kwa hatua, mpaka maji yakakaribia mdomo wa buti na hakuweza kusogea zaidi. Mchimbaji mmoja akapiga mbinja. Kitinda akageuka.

Alimtazama dada yake, aproni, mabuti, uso. Karai likamteleza, mchanga ukarudi mtoni.

"Dada," alisema. "Wamewaua? Konokono?"

Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa amekuja na matusi ya kutosha kujaza lori, na yote yalimwishia mdomoni.

"Wazima," alisema. "Wako wazima wote."

Kitinda alifumba macho. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali. Mungu mkubwa." Kisha akafuta uso kwa mkono uliolowa. "Mimi nilijua ile damu itasema. Kuna siku nilienda chooni nikaona damu, nikamkumbuka baba. Nilishindwa kukwambia, dada, kila nikianza nashindwa. Ulipokuja kuniomba nikasema basi, acha iseme yenyewe. Nikangoja mje mniambie." Alipumua kwa shida. "Sikujua watasingiziwa konokono. Ulivyokuwa umeshika tama jikoni nilitaka kusema. Wallahi nilitaka."

Wachimbaji walikuwa wameacha kuchimba. Maji yalipita kati yao wawili, ya uvuguvugu, masafi kwa kuangalia, na yeye alijua kuliko mtu yeyote pale kilichokuwa kinaogelea ndani yake.

Aliomba kosa liwe la damu, na alikuwa amepewa alichoomba. Angetoa kila konokono katika rafu zile, kuanzia wale wa chupa ya jamu, angewamwagia maji ya moto kwa mkono wake mwenyewe, ili iwe kinyume. Hakumwambia hivyo. Alinyoosha mkono wake mtupu, usio na glavu, ule uliojaa makovu madogo ya magamba, akaunyoosha mpaka bega likamuuma.

"Toka majini, Kitinda," alisema. "Toka majini, mwanangu, twende."